Bati za Mwezi wa Pili

Saa tatu na robo asubuhi, mwanangu, ndipo nilipowasha kompyuta mbele ya Mama Komba. Naikumbuka vizuri siku ile, maana ilibaki kidogo nimwachishe mtu kazi bila hata kumwona.

Mama Komba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani Lizaboni, na tawi lake Namtumbo. Mimi nilikuwa kijana, nimejifunza mwenyewe kutengeneza dashibodi, yaani ukurasa mmoja wa kompyuta unaoonyesha mauzo, gharama na faida kwa michoro. Ile ilikuwa dashibodi yangu ya kwanza ya malipo. Niliipanga ilinganishe kila mwezi na mwezi uliotangulia. Mauzo yakishuka, mchoro uwe mwekundu.

Namtumbo ilikuwa nyekundu mwezi wa kumi na mbili, nyekundu mwezi wa kwanza, nyekundu tena mwezi wa pili.

"Salima ananifilisi," alisema Mama Komba. Salima ndiye aliyeuza kwenye tawi hilo, mjane mwenye watoto watatu. "Jioni nampigia mwenye fremu ya duka. Tunafunga."

Nilikuwa nimeridhika na kazi yangu, usinicheke. Nikatoka nje kumpigia baba, mkulima wa tumbaku huko huko Namtumbo, nimweleze mwanawe alivyogundua hasara.

"Shikamoo, baba. Lile duka la bati la hapo linafungwa. Kompyuta yangu imeonyesha haliuzi."

"Marahaba. Ni lile lililotuuzia bati za nyumba hii?"

"Ndilo."

"Tulizinunua lini?"

"Mwezi wa saba, baba. Tulipolipwa tumbaku."

"Na mwezi wa pili tulikuwa tunafanya nini?"

"Tunapalilia. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Unga ulikuwepo?"

"Wa kukopa."

"Basi kompyuta nimeisamehe, haijawahi kulima. Wewe je?"

Nilirudi ndani uso umenishuka. Nikamwomba Mama Komba anisubiri hadi jioni, nikaingiza mauzo ya mwaka uliopita, kisha nikaulinganisha mwezi wa pili na mwezi wa pili mwenzake. Wekundu ukaondoka. Salima alikuwa ameuza zaidi kidogo kuliko mwaka wa nyuma. Nikamweleza Mama Komba kwamba wateja wa Namtumbo hununua bati mwezi wa saba wanapolipwa tumbaku, na wakati wa mvua hata unga wanakopa.

Mama Komba aliutazama mchoro, akanitazama na mimi. "Kwa hiyo nilitaka kumfukuza Salima kwa sababu ya mvua?"

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

"Nimekuelewa. Lakini hela yako utaipata mwezi wa saba, na wewe uonje."

Nami nilingoja.

Mwanangu, wewe unayejifunza kazi hii sasa, kabla hujachagua rangi, uliza pesa ya mahali pale huingia lini na hutoka wapi. Linganisha msimu na msimu wake. Ukiona namba imeshuka, mpigie simu aliye karibu nayo kabla hujamwambia mwenye mali, kwa sababu mwenye mali akishaona nyekundu hasikii tena maelezo. Na yale uliyoyaishi kwenu usiyaache mlangoni unapokaa mbele ya kompyuta.

Mungu akupe kazi ya halali, na akuwekee karibu mtu wa kukuuliza maswali kama baba yangu.

Salima aliendelea kuuza. Hesabu za mwaka ule zilipofungwa, Namtumbo peke yake ilikuwa imeleta faida ya shilingi milioni saba na laki mbili.