Niliambiwa nicheze na wanangu nishushe presha, sasa wao ndio wananimaliza

Habari zenu wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majirani zangu wa Gungu wakiusoma uzi huu watanijua, sawa tu.

Mimi ni mama wa watoto wawili wa kike. Zawadi yuko darasa la nne, mdogo wake Riziki ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Nauza vitenge, kwa hiyo kutwa nzima nimekaa. Nikakaa mpaka presha ikapanda.

Kliniki, nesi akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamjibu nitayafanyia wapi? Nikikimbia barabarani asubuhi bodaboda wanapunguza mwendo, wanauliza nimefiwa na nani.

Akasema, "Si una watoto? Cheza nao jioni."

Anaongea kama vile watoto wana huruma.

Jioni nikajifunga kitenge vizuri, nikatoka uani kucheza rede. Kwa wasioijua, wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, wewe uko katikati unakwepa. Ukipigwa umekufa, unatoka.

Wakaniweka katikati, na huko ndiko nilikohamia. Nikipigwa, Zawadi anasema, "Huo haukuhesabika mama, rudi."

Kesho yake kamba. Keshokutwa kombolela. Siku moja nilijificha chooni ili nipumzike tu, wakakaa mlangoni wananisubiri. Baba yao yuko kwenye kiti na simu yake, anasema yeye mguu unamsumbua. Jirani naye juu ya ukuta, "Mwenzetu, umerudi shule?"

Nilitaka kuacha wakuu, sitawadanganya. Lakini ukishawazoesha hawa watu huachi. Ukitoka sokoni miguu inawaka moto, wao wameshachora mstari.

Likizo hii nikawapeleka Kalinzi kwa bibi yao, mama mkwe wangu. Nikasema angalau huko nitakaa nimenyoosha miguu.

Asubuhi wakateremka kwenye kijito, chini kabisa ya mashamba ya kahawa. Punde nikasikia Riziki analia. Nikashuka mbio. Zawadi ameteleza kwenye mawe, mguu umevimba na umekaa vibaya, hata kuugusa hataki.

Pikipiki haifiki kule. Wanaume walikuwa msibani. Mama mkwe magoti yake ni ya kuhesabu hatua.

Nikamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mtoto wa darasa la nne wakuu, si mzigo wa mchezo, na njia yenyewe imesimama kama ngazi.

"Mama, unanitikisa," ananiambia huko mgongoni.

"Nyamaza nipande."

Mama mkwe alikuwa juu ya njia ameshika kichwa. "Polepole mwana wanje, mwanangu we, mtaanguka wote."

Sikusimama. Niliogopa nikisimama sitaondoka tena. Moyo ulikuwa unagonga masikioni, lakini pumzi ilikuwepo. Mlima huohuo mwaka jana niliupanda mikono mitupu, nikakaa chini njiani kifua kimebana mpaka wakaniletea maji.

Tulipofika barabarani nikampakia kwenye bodaboda nikiwa nimemkumbatia. Hospitali wakasema mfupa umepasuka, wakamfunga POP, ile plasta ngumu. Hapo ndipo nilipokaa nikalia, tena kwa hasira kabisa. Hasira za nini, hata sijui.

Kwenye kliniki presha imeshuka. Nesi anajisifu.

Nilichojifunza: mazoezi ya mzazi si lazima yawe ya jimu. Cheza na wanao hata kama unachekwa, maana siku utakayotakiwa kuwabeba hutapewa muda wa kujiandaa. Ila msidanganyike kwamba ni starehe. Sasa hivi Zawadi amekaa kibarazani, mguu juu ya stuli, ananiamrisha niruke kamba na mdogo wake, na akiona nimelegea anaita baba yake aje ashuhudie.

Wazazi wenzangu, mnawachosha vipi watoto kabla hawajawachosha ninyi? Jibuni mapema, POP inatolewa wiki ijayo.