Zuurakan Aliyelilia Nje ya Hema

Mzee Jumabay alikufa asubuhi kwa ugonjwa wa moyo, na kabla ya saa sita hema jeupe la msiba lilikuwa limeshasimama uani. Wanaume walijipanga nje wakiegemea fimbo. Wanawake waliingia ndani, wakakaa wakiupa mlango mgongo, wakalia. Kila mgeni wa kike aliyefika aliwakumbatia mmoja mmoja, shavu kwa shavu.

Zuurakan, mkaza mwana wa marehemu, alikuwa bado jikoni akichambua maharage, barakoa usoni. Miaka tisa baridi yabisi ilikuwa imemla vidole, ile ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Kila Jumatatu alimeza vidonge vya kuipunguza makali kinga hiyo. Daktari wa wilaya alimpigia simu korona ilipoingia. "Dawa usiache, mama, viungo vitawaka moto. Lakini jitenge na watu. Ikikupata wewe, huenda ikakuelemea kuliko jirani yako."

"Mama," alimwambia mkwewe, Batmakan, "baba nitamlilia hapa uani. Ndani siingii."

"Mke wa mwanangu wa kwanza akae nje kama mpita njia? Bonde zima la Talas litatusemaje?"

"Daktari amesema..."

"Daktari, daktari! Mbona maharage unachambua?"

Maharage alichambua kwa sababu hakuna mwingine aliyejishughulisha.

"Miaka tisa mgonjwa na hafi," alidakia wifi yake, Gulbarchin, aliyewasili kutoka mjini na kikohozi alichokiita vumbi la barabarani. "Ugonjwa gani huo? Ungekuwa wangu ningeurudisha dukani."

Zuurakan alimtazama mumewe, Kubat. Kubat alitazama viatu vyake.

"Ingia tu, mama watoto. Matanga ni siku tatu tu. Usitutie aibu." Akanyoosha mkono, akamvua barakoa. "Na hiki kitambaa utaombolezaje?"

Walimhitaji, hilo ndilo lililomchoma. Kusoma hakujua, lakini kijiji kizima hakikuwa na mwanamke wa kutunga maombolezo kama yeye.

Akaingia. Akakumbatiwa na thelathini, arobaini, akaacha kuhesabu. Gulbarchin, aliyekaa ubavuni pake, alikohoa kiganjani, kisha kwa kiganja kilekile akampangusa machozi, wageni waone wifi mwenye huruma.

Hapo Zuurakan alipandwa na hasira hadi masikio yakavuma. Mwombolezaji hakatizwi, hata mulla, shekhe wa kijiji, husubiri amalize. Akapaza sauti.

"Baba yangu Jumabay, uliyenifungulia ndoo vidole viliponikataa, umeniachia nani? Wanasema najifanya mgonjwa, baba. Mwanao amenivua barakoa kwa mkono wake. Binti yako amekuja na kikohozi cha mjini, ananipangusia machozi. Wanataka nikufuate kesho, baba, ili leo watu wasiseme!"

Nje wanaume waligeuka kulitazama hema. Gulbarchin alimfinya paja.

"Nyamaza, mwendawazimu!"

"Na sasa ananifinya, baba!"

Akasimama akiomboleza, akapita katikati ya wageni, akatoka, akaketi peke yake kando ya ukuta wa ghala la maharage. Siku tatu alilia hapo, barakoa nyingine usoni, sauti ikifika barabarani. Kubat alimjia mara moja.

"Rudi ndani."

"Niburute basi. Watu wote hawa wanatazama."

Hakumburuta. Usiku Zuurakan alilala humo ghalani, akisubiri homa kama anayesubiri polisi.

Homa haikuja. Ilikuwa bahati tu, naye alilijua hilo. Kufikia siku ya tisa Gulbarchin alikuwa kitandani, Batmakan kitandani, na wanawake watano wa hemani. Hakuna aliyesema Zuurakan alikuwa na haki. Walisema maombolezo yake yalikuwa na laana, ndiyo yaliyowaangusha.

"Wewe uliyetulaani!" Batmakan aliita dirishani, pumzi imemkatika. "Tupikie supu!"

Akapika, kwa sababu walikuwa na njaa. Akaiweka sufuria kizingitini, akarudi nyuma hatua kumi.

"Ilete ndani! Wifi yako hawezi hata kukaa. Anataka kulishwa."

"Mwite mwanao amlishe."

"Mwanangu ni mwanamume!"

"Mimi ni mgonjwa, mama," alisema Zuurakan. "Miaka tisa nawaambia."

Akaingia ghalani, akaufunga mlango kwa ndani.