Bastola ya Betri

Aliyebuni bastola ya kutumia betri hajawahi kuishi Mpanda. Hilo nalisema bila kupepesa macho. Angekaa kwetu mwezi mmoja tu, miaka ile ya tisini, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa, jenereta la mji linawaka siku linapojisikia na betri za madukani zimekaa kwenye rafu mpaka zinatoa kutu, angerudi kwao akatengeneza kitu cha chuma na springi, basi.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya askari wa wanyamapori. Miaka sita nimekaa nyuma ya taipureta nachapa ripoti za doria za wanaume: tulifuata nyayo, tulikamata baiskeli mbili na nyama kavu, tulilala porini. Mito yote niliijua kwa vidole. Na mimi ni mtoto wa Kipimbwe, nimekua nikilinda mahindi ya baba, nafukuza nyani mchana na nguruwe jioni. Pori si kitu cha kunisimulia. Nafasi ya doria ilipotokea, nikaomba. Mkuu wetu alicheka mpaka akavua miwani.

"Karani, nyie wanawake bunduki ikilia mnafumba macho. Mkono unaruka. Utaniulia askari wangu."

"Umeniona lini nimeshika bunduki, afande?"

"Sihitaji kuona."

Sasa, kulikuwa na mtaalamu mmoja wa Kizungu aliyekuja kuhesabu tembo. Kwao alikuwa mpiga shabaha wa mashindano, na alipokaribia kuondoka aliiachia ofisi bastola yake ya upepo. Mimi ndiye niliyekuwepo ofisini kutwa, wengine wako porini, kwa hiyo ni mimi aliyenifundisha. Bastola yenyewe haiui hata njiwa. Unaijaza upepo kwa pampu, unaweka kijirisasi cha ukubwa wa punje ya mtama, unapiga karatasi yenye duara jeusi, umbali wa mita kumi. Ajabu yake ilikuwa triga. Silaha nyingine ukivuta triga unasukuma chuma. Hii ulikuwa unabonyeza swichi, kama ya redio, na umeme wa betri ndio unaofyatua. Laini hiyo! Ukifikiria tu, imeshalia. Betri ilikuwa ile ndogo ya mraba yenye vichwa viwili juu, na ubavuni mwa bastola kulikuwa na kitaa cha kijani cha kukuambia kuwa betri ni nzima. Kitaa kile ni mwongo kuliko wanaume wote niliowahi kuwajua, na nimewajua wachache wa kutosha.

"Fanya mazoezi bila risasi," yule mgeni aliniambia. "Lenga ukuta, bonyeza, angalia mkono wako. Kila siku."

Nikafanya. Uzuri wa triga ya umeme huhitaji kukoki. Unabonyeza, unabonyeza tena. Nilibonyeza mara mia asubuhi na mara mia jioni, stoo, mbele ya karatasi niliyoipaka masizi katikati. Miezi minne. Hakuna aliyeniambia kwamba kila nikibonyeza nakula betri. Yaani bidii yangu mwenyewe ndiyo iliyoniroga!

Kisha ikaja habari kuwa wapiga shabaha wa Tabora na Sumbawanga watakuja na bastola zao za upepo kushindana na sisi, katika ukumbi wa shule pale mjini. Mkuu akaniita mbele ya askari wote. "Karani akiingia watatu wa kwanza, nafasi ya doria ni yake. Akishindwa, nisisikie tena neno doria kinywani mwake." Askari wakapiga makofi. Yeye alishaniona nimeshindwa, ndiyo maana alikuwa mkarimu.

Siku tatu kabla ya shindano, triga ikaanza jeuri. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, inalia. Nikazunguka mtaa wa Majengo duka kwa duka. "Dada, za mraba hatuleti, labda ukachomoe kwenye redio ya mtu." Mwishowe nikaipata moja, imefifia maandishi, muuzaji mwenyewe hakumbuki aliileta lini. Nikaiweka, kitaa kikawaka kwa mbali, kama kinaona aibu.

"Ianike juani," mkuu akasema. "Ya redio yangu naianika kila Jumamosi."

Na kwetu nani haaniki betri? Pita uani kwa mtu yeyote uone zimepangwa juu ya bati kama dagaa. Nikaianika kutwa nzima, nikaigeuzageuza. Jioni kitaa kikawaka kijani cha kung'aa, na mimi mjinga nikaamini.

Siku ya shindano nilipewa risasi ishirini kama wenzangu. Mwamuzi alikuwa mzee mmoja wa Tabora, mwanajeshi mstaafu, mtu wa taratibu kupita kiasi. Akatusomea sheria: silaha ikigoma, mwite, yeye ataijaribu. Ikigoma na kwake, unarudia. Ikilia kwake, kosa ni la mpigaji, sifuri.

Risasi ya kwanza, kumi, katikati kabisa. Ya pili, tisa. Ya tatu, kumi, na ya nne kumi. Nikamwona mkuu kwenye benchi ameshusha chupa yake ya soda bila kunywa.

Ya tano nikalenga, nikatulia, nikabonyeza. Kimya. Nikabaki nimenyoosha mkono kama mlingoti, duara jeusi limekaa pale pale, na hakuna kilichotokea. Nikamwita mwamuzi. Akaja kwa mwendo wake, akaipokea, akaigeuza, akakitazama kitaa. Kijani. Akalenga gunia la mchanga, akabonyeza. Pa!

"Silaha nzima, mama. Sifuri."

"Mzee, imekataa kulia!"

"Hukubonyeza. Nilikuwa nakuangalia mkono, haukufanya kitu."

Jamani! Leo ninajua kilichokuwa kinatokea. Betri iliyochoka ikipumzika kidogo inajifanya nzima. Dakika mbili za yule mzee kuja, kupokea na kuchunguza zilikuwa mapumziko tosha. Ikifika kwake imeshapata nguvu ya kulia mara mbili tatu. Ikirudi kwangu inalia mara mbili hivi, inalala tena. Siku ile sikujua. Nilidhani nimelogwa, au nimekuwa kichaa. Ilinigomea mara tano kati ya ishirini, na mara zote tano ikamlilia mwamuzi kama mtoto aliyemwona bibi yake.

"Mchagua jembe si mkulima, karani!" mkuu akapaza sauti kutoka kwenye benchi. Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani kuipiga ile bastola ukutani ipasuke, na kitaa chake.

Sifuri tano. Nikawa wa pili kutoka mkiani. Nilisimama pale nasema moyoni nisilie, nisilie, wasinione nalia. Miaka sita ya kuchapa nyayo za watu wengine, na sasa ningechapa mpaka nistaafu, kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Mkuu hakuweza kuniacha hata nipumue. Akaja katikati ya ukumbi amekunja mikono ya shati. "Lete hapa niwaonyeshe. Tatizo ni kidole cha kike."

Nikampa. Akaweka risasi, akalenga, pa! Si mbaya, ilipata nane. "Mnaona?" Akaweka ya pili, haraka haraka, pa! "Mnaona?" Akaweka ya tatu. Akalenga, akabana midomo, akabonyeza.

Kimya.

Na hapo sote tukaona. Mdomo wa bastola ulididimia ghafla kama kuku anayedonoa, bega likaruka, na macho yote mawili yakajifumba. Mtu anayeogopa mlio hujikinga kabla haujaja, ila siku zote silaha inalia pale pale na kumfichia aibu yake. Hii haikulia. Mkuu alikuwa amejikinga na kitu ambacho hakikuja, mbele ya Tabora na Sumbawanga.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele.

"Silaha mbovu hii!" akafoka.

Mdomo wangu haujawahi kunisaidia maishani. "Mchagua jembe si mkulima, afande."

Mwamuzi peke yake hakucheka. Alimpokonya mkuu ile bastola, akaifungua, akaitoa betri na kuvilamba vile vichwa viwili. Akatema mate. "Imekufa hii," akasema. Kisha akafungua daftari lake akazitazama sifuri zangu, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu.

"Mama," akasema taratibu, "nilikuangalia mkono mara zote tano. Hiyo bastola haikutikisika hata kidogo. Ndiyo maana nikadhani hukubonyeza."

Nilimtazama. "Kwa hiyo nimepewa sifuri kwa kuwa sikutikisika?"

"Ndiyo, mama." Alikuwa ameinamisha kichwa. "Na matokeo nimeshayasaini. Siwezi kuyafuta."

Hapo nililia. Nililia kwa hasira, kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Jumatatu niliingia ofisini nikijua nafukuzwa. Juu ya taipureta nikakuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mkuu, ya kuchapwa nakala tatu. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya kumhamishia mpiga chapa kwenye kikosi cha doria kuanzia mwezi uliofuata. Hakuna neno la shindano wala la betri. Nikaichapa barua yangu mwenyewe, bila kosa hata moja, nikampelekea.

Alikuwa anatazama dirishani. Akavuta karatasi bila kunigeukia, akachukua kalamu, akaweka mkono kwenye mstari wa sahihi. Kalamu ikakataa kuandika. Akaikung'uta, akajaribu tena, ikakwaruza karatasi tu. Akainua macho, akanikuta nimesimama wima, nimebana midomo.

"Usiseme neno," akasema.

"Sijasema kitu, afande," nikamjibu, nikampa kalamu yangu.