Planshi Niliyomchagulia Mwenzangu wa Biro

Wakati wa Zaire nilifanya kazi ya kupiga mashini ya barua katika biro moja, yaani ofisi, karibu na bandari ya Kalemie. Meza yangu ilitazamana na ya msichana mmoja kutoka Nyunzu. Nilimzidi miaka minne, kwa hiyo aliniita yaya, dada mkubwa. Yeye alinizidi karibu kila kitu kingine. Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vyangu, barua zake hazikurudishwa, na mkubwa wetu alipotaka kitu kiandikwe vizuri, alisema, “Mupe sitwayeni mudogo.” Sitwayeni, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoitwa sote wakati huo. Niliinama juu ya mashini yangu nikajifanya sijasikia. Saa sita tulikula bukari, ugali wetu, na dagaa tuwaitao ndakala katika sahani moja, na nilimpenda kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata hayaonyeshi hivyo.

Kaka yangu alikuwa fundi wa mota. Alitunza boti ya enjinia mmoja mgeni, ambaye mke wake alikuwa na mchezo ambao watu wa ufukweni mwa ziwa walisimama kuutazama. Alisimama juu ya ubao, akashika kamba, na boti ikamvuta juu ya maji. Ubao huo tuliuita planshi. Juu yake vilifungwa viatu viwili vya mpira kwa skrubu, na ndani yake ndimo miguu ilimoingia. Jumapili moja mama huyo alinikuta nikimngoja kaka, akaniuliza kama nataka kujaribu. Ndani nilivaa kaptula ya kaka, juu yake kikwembe, kitenge cha kujifunga, na kikwembe nilikivua tukiwa tayari mbali na macho ya watu.

Alinifundisha kwa subira. Alinisukuma kidogo mgongoni nikiwa sijui, aone ni mguu gani utatangulia, kisha akasema huo ndio utakaokaa mbele. Alinionyesha kwamba anayeanza anahitaji planshi pana, maana inamwinua mapema kabla mikono haijachoka. Lakini zaidi alisema juu ya viatu. Nilipaswa kuingiza mguu, nitikise planshi, kisha nivute kwa nguvu. Mguu usipotoka, kiatu hicho si changu. “Ukianguka,” alisema, “planshi inaenda kwake na wewe unaenda kwako.”

Baadaye yeye na mume wake walikwenda likizo kwao. Kaka aliachiwa ufunguo wa boti ili awashe mota kila Jumapili isikauke, na mimi niliruhusiwa kutumia vitu vya gereji yao. Nilimweleza mwenzangu. Siku hiyohiyo akasema, “Yaya, na mimi unifundishe.”

Gerejini palikuwa na planshi mbili. Moja ilikuwa pana, rangi yake imepauka, na viatu vyake ni laini, vya kukazwa na kulegezwa kwa mikanda. Ndiyo niliyojifunzia. Ya pili ilikuwa nyembamba, inang'aa, na viatu vyake vilikuwa vigumu na vidogo. Mama enjinia mwenyewe aliitumia alipotaka kurukaruka.

Mwenzangu alikwenda moja kwa moja kwenye ile pana. Akaingiza mguu, akatikisa, akavuta, ukatoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

“Hii njo yangu,” alisema. “Inanishika vizuri.”

Nilikuwa nimeshaweka viatu vile kulingana na hatua yangu. Skrubu nane nilizikaza mwenyewe. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimevuka wimbi la boti kwa mara ya kwanza bila kuanguka, na nilitaka kulivuka tena. Lakini haikuwa hiyo tu. Nilimtazama amesimama juu ya ile planshi, magoti amekunja kidogo kama mtu aliyezaliwa nayo, nikajua kwamba atasimama juu ya maji siku ya kwanza. Mimi nilihitaji Jumapili nne.

“Hiyo ni nzito kwako,” nikasema. “Wewe ni mwepesi. Jaribu ile ingine.”

Akajaribu. Mguu ulikataa kuingia. Tulipaka sabuni, nikasukuma kisigino chake kwa kiganja changu mpaka ukaingia.

“Inabana, yaya.”

“Njo inavyotakiwa. Ikilegea utaanguka.”

Kaka alipita kuchukua mafuta, akasimama akautazama mguu ule. “Hii itatoka haraka kweli?” Nikajibu kabla ya mwenzangu kufungua kinywa: “Mama enjinia alinionyesha.” Kaka hakuwahi kushika planshi maishani mwake. Aliniamini.

Tuliondoka asubuhi, kaka akiendesha, upepo haujaamka. Mwenzangu alikuwa na jaketi la kuelea na alicheka tangu tulipoacha ufuko. Mara ya kwanza planshi ilizama naye. Mara ya pili vilevile. Nilikaa nyuma ya boti nikimtazama, na lazima niseme kwamba nilifurahi. Mara ya tatu alisimama. Alisimama wima, akaachia mkono mmoja akanipungia.

Ukingo wa planshi ulichota maji. Ilipinduka upande mmoja, mwili wake ukaenda upande mwingine, na mguu wa nyuma ulichomoka. Wa mbele ulibaki. Nilisikia sauti yake ikipita mlio wa mota.

Kaka aliizima, nikaruka. Nilivuta kile kiatu majini kwa mikono yote miwili, naye akanishika shingo akisema, “Acha, acha, acha.” Hakikutoka. Tulimpandisha botini na planshi ikiwa mguuni, goti limegeukia mahali ambapo goti haligeukii. Kaka alikata mpira kwa kisu chake cha kutengenezea samaki.

Hospitalini walisema mfupa ni mzima, lakini ndani ya goti kuna kitu kimekatika, na hapa hakuna wa kukishona. Wakamfunga plasta kutoka paja hadi kifundo. Nilimuuguza pale wiki mbili, nikampikia, nikamfulia. Mama yake alikuja na treni kutoka Nyunzu. Aliweka mzigo chini, akatazama plasta, kisha akatutazama sote wawili.

“Nani alimuchagulia hii kitu?”

Mwenzangu akajibu kutoka kitandani, “Ni mimi mwenyewe, Mama. Nilipenda ile inang'aa. Yaya alinikataza.”

Alinikonyeza. Alidhani nilikosea tu, akataka kunifunika. Mimi nilishika sufuria iliyokuwa mkononi mwangu, nikatoka nje kuiosha, ingawa ilikuwa safi.

Alirudi biro na fimbo. Hakuweza tena kutembea kutoka kwake ng'ambo ya mto Lukuga, akawa anabebwa na binamu yake kwenye kinga, yaani baiskeli. Nilibeba siri ile miezi mingi. Nilianza kukosea herufi, nikararua barua na kuanza upya. Mchana mmoja, sahani ikiwa kati yetu, nikamwambia yote: kwamba nilijua, kwamba ile pana ilimfaa, na kwa nini nilimnyima.

Aliacha kula. Alinawa mikono taratibu.

“Nilijua ulikosea,” alisema. “Kukosea nilishakusamehe palepale majini. Hii ya leo ni kitu kingine.”

“Nisamehe hii pia.”

“Sijui kama naweza. Usiniulize tena.”

Kesho yake aliomba meza yake ihamishiwe chumba cha pili. Hakumweleza mtu yeyote sababu. Tuliendelea kusalimiana mlangoni, yeye akiniita yaya kama zamani, kwa sauti ileile aliyowasalimia wageni. Mwaka uliofuata alipata kazi kwao Nyunzu, akaondoka bila kuniaga.

Muda ulipita, kisha mama yake akaja Kalemie kununua samaki. Aliulizia nyumba yangu mpaka akaifikia. Alikuwa na kikapu cha karanga.

“Nimekuletea kwa sababu ya zile siku za hospitali,” alisema. “Ulimuangalia mutoto wangu kama ndugu.”

Nilimkalisha. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, na kwa sababu hiyo sikuweza. Nilimwambia jinsi nilivyosukuma kisigino cha binti yake ndani ya kiatu kile. Alisikiliza akiwa ametazama mikono yake. Nilipomaliza, aliomba maji, akanywa.

“Yeye hakuniambia,” alisema. “Hata siku moja.”

“Najua, Mama.”

“Basi na mimi sitamuambia kama nimejua.”

Akasimama, akajifunga kikwembe vizuri, akaenda sokoni kabla samaki hawajakwisha.