Mrututu Kwenye Mtumbwi wa Ndizi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa rangi yake ya buluu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupulizia dawa kahawa za wakulima wa vilimani kule Kasulu. Tangu hapo nimehamahama sana, na leo nakuandikia nikiwa Kumsenga, huku Kibondo. Lakini kila nikiona mrututu dukani, moyo hurudi kule.

Mrututu unaujua: ile chumvi ya shaba ya kuzuia ugonjwa wa kahawa, buluu ya kupendeza hata mtoto angedhani ni pipi. Hula chuma. Ndoo yetu ya bati ilikuwa imetoboka, na mzee Barnabas, msimamizi wetu, akaenda mjini kutafuta pipa la plastiki. "Msichanganye kitu mpaka nirudi," alisema. Mimi nikaona anachelewa. Nyuma ya nyumba ya Mama Evarista, jirani wa shamba, kulikuwa na umuvure, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za pombe. Nikajiambia, mti hauliwi na mrututu. Nikachanganyia humo kwa mikono mitupu, nikapulizia, nikausuuza mara tatu, nikaurudisha. Nikajiona fundi.

Kesho yake nilimkuta Mama Evarista amefukua ndizi zake zilizoiva shimoni. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja Jumamosi. Alikuwa anazikamua kwa majani ndani ya ule mtumbwi, anaimba. Nikatazama ufa wa mtumbwi. Mstari wa kijani, mrututu uliobaki ndani ya mti.

Nilisimama pale kwa muda ambao mpaka leo unanitia aibu. Nikisema, kazi sina. Akachota maji ya ndizi kwa kibuyu, akaninyooshea.

"Onja, wewe mlafi, uniambie kama wakwe watajua njia ya kurudi kwao."

"Mama, usinywe. Nilichanganyia mrututu humo."

Akakiweka kibuyu chini taratibu. "Yewe! Binti yangu alikukosea nini?"

Mzee Barnabas alipoitwa na kufika hakupiga kelele.

"Uliusuuza?"

"Mara tatu, mzee."

"Ulisuuza juu. Mti ulishakunywa."

Tulimwaga zile ndizi kwenye shimo jipya, mbali na kisima, tukaupasua mtumbwi na kuuzika humo humo. Hata kuufanya kuni mzee hakuruhusu. Marehemu mume wa Mama Evarista ndiye aliyeuchonga. Mama alitazama kila pigo la shoka. Jumamosi wakwe walinyweshwa chai. Mimi sikufukuzwa, mzee alisema aliyefungua mdomo kabla watu hawajanywa bado anafundishika. Ila vidole viliniwasha wiki nzima.

Basi sikia, mwanangu. Chombo cha mrututu kiwe cha mrututu tu, cha plastiki, kitiwe alama, kifungiwe mbali na jikoni. Vaa glavu na barakoa, mimina unga taratibu, upepo ukiwa mgongoni. Nawa kabla ya kushika chakula. Ukiambiwa ngoja, ngoja. Kahawa haifi kwa nusu siku. Na ukikosea, sema hapo hapo, usihesabu kwanza utapoteza nini. Mimi nilihesabu, na kibuyu kilikuwa tayari mkononi mwake.

Mungu aitunze mikono yako, na kila utakachomnyooshea mwenzako kiwe salama kukinywa.