Nilidhani Ni Hofu ya Askari

Nilikosa mimi. Sitafuti wa kumbebesha lawama, maana daktari aliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyejibu.

Naomba mnisitiri jina. Leo mimi ni bibi mwenye wajukuu, lakini miaka ile ya sitini, ya vita vya serikali na waasi wa shifta, nilikuwa msichana mbichi kutoka Kitui, muuguzi katika zahanati ndogo kwenye barabara ya Garissa kwenda Dadaab. Barabara ilikuwa imetegwa mabomu, na magari hayakutembea ila kwa msafara wa jeshi. Mgonjwa mahututi aliungoja msafara. Akiukosa, basi tena.

Jamani, hofu niliyoikuta kule! Askari waliingia wodini na bunduki kudai watu vipande vyao vya utambulisho. Kila mgonjwa niliyemshika mkono, mapigo yalikuwa mbio. Mwanzoni nilishtuka, nikawa namwita mkubwa wangu wa kazi. Akanicheka, akasema huku moyo wa kila mtu unakimbia, nizoee.

Na kweli nikazoea! Mapigo yakiwa juu, niligeuka kutazama mlangoni. Nikiona buti, naenda zangu kitanda kingine.

Dahabo, msichana wa Kisomali wa rika langu, alifagia wodi na kunitafsiria. Ndiye aliyenifunza kusalimia watu wa kule, na nilipoumwa malaria ndiye aliyekaa nami. Ugenini pale sikuwa na ndugu mwingine.

Asubuhi moja alimleta mama yake. Ngamia alikuwa amempiga teke la ubavu walipokuwa wakimfunga mizigo. Kidonda hana, ngozi imevilia tu upande wa kushoto. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, una jasho, na mapigo yalikwenda mbio, membamba, nusura yanipotee vidoleni. Alikuwa akiomba maji.

Nikageuka mlangoni. Askari wawili walikuwa wamesimama pale. Nikasema moyoni, haya, ni yale yale. Mashine ya kupimia presha ilikuwa juu ya kabati, hatua chache tu. Sikuinyanyua, ole wangu!

Siku hiyo daktari alikuwa amekuja na msafara, anakusanya wagonjwa wa kupelekwa Garissa kupasuliwa. Akafika kitandani pale, akaniuliza kwa Kiingereza mapigo yakoje. Nikajibu yako juu, lakini ni woga wa askari tu. Alikuwa na haraka, akaniamini. Lori likaondoka na nafasi tupu.

Dahabo hakuelewa tulichosema. Aliponiuliza mbona mama haendi, nikamwambia ampe chai ya sukari, atatulia.

Wale askari waliondoka na msafara. Mlango ukabaki mtupu, lakini mama bado anahema juu juu, bado anaomba maji. Hapo ndipo nilipoikimbilia ile mashine. Nikamfunga mkono, nikajaza upepo, nikasikiliza. Nikajaza tena. Sikusikia kitu. Damu ilikuwa inamwagikia ndani ya tumbo muda wote ule, na msafara uko mbali.

Alikata roho adhuhuri, kichwa mapajani mwa bintiye, huyo binti akimtamkisha shahada.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaenda kumfariji! Nikamwambia, "Pole, Dahabo. Hofu ya askari ilimzidi mama."



"Hooyo, mama yangu, hapana ogopa askari," akasema Dahabo. "Kila siku yeye nauza maziwa kambini kwao. Wao naita yeye mama."

Mungu wangu! Mtafsiri wangu alikuwa kando ya kitanda tangu asubuhi, nami sikumwambia amuulize mama yake swali hata moja.

Walimwosha na kumzika siku ile ile. Dahabo hakurudi kazini. Nilipokwenda kwao kuomba radhi, aliniona kwa mbali, akaingia ndani na kuteremsha mkeka wa mlango. Nilisimama juani mpaka wazee wakaniambia kwa upole niende. Sikumwona tena.

Uuguzi niliuacha muda si mrefu baadaye, lakini wenyewe haujaniacha. Mtu akinipa mkono wa salamu, vidole vyangu vinateleza hadi kwenye kifundo cha mkono wake, naanza kuhesabu. Wajukuu wananicheka. Hawajui.

Nyinyi vijana mnaovaa sare za uuguzi leo, nawasihi. Mapigo yakikimbia, msiyatungie sababu kwa sababu mmezoea kuyaona hivyo. Pima presha. Muulize mgonjwa mwenyewe anaogopa nini, anaumwa wapi. Ukidhani ni woga, kiondoe kinachomtisha, kisha umpime upya.

Mimi mkono wa mama yule niliushika mara moja tu. Niliporudi kuushika mara ya pili, lori lilikuwa limekwenda.