Gari Uani kwa Mjane

Nilitoka Lodwar alfajiri, nikalala Kitale, na kesho yake adhuhuri nikaingia Kakamega, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya gari. Nilikuwa nimeacha kazi ya stoo bila sababu ya maana. Nilisoma sekondari Kakamega, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikiikumbuka njia ya kando ya mto Isiukhu, tulikoshindana mbio kwa baiskeli za kuazima.

Njia bado ipo. Tatizo lilikuwa gari. Nilikuwa nikikaa kwa binamu yangu huko Khwisero, mbali na mto, kwa hiyo ilibidi nije nalo mjini kila nilipotaka kuendesha baiskeli. Siku ya kwanza niliegesha darajani. Niliporudi, kioo kilikuwa kimevunjwa na betri imeng'olewa.

Fundi aliyeniwekea betri nyingine alinielekeza kwa mama mmoja karibu na mto, niegeshe uani kwake. Alikuwa rika langu, mumewe amezikwa miezi minne nyuma.

"Ingiza tu, ndugu," alisema. "Mbwa wangu ni mkali kuliko askari."

Hakutaka malipo. Nilimletea ndizi.

Wiki ya tatu, shemeji zake wawili walinikuta nikishusha baiskeli. Mkubwa akalizunguka gari, akapigapiga boneti.

"Kumbe marehemu amepata mrithi, na hatujaitwa kula kuku."

"Mimi naegesha tu, mzee."

"Mwanaume huegeshanga wapi, kama si kwake?"

Nilielewa. Huku kwetu mwanaume wa nje haachi kitu chake katika boma la mjane kabla ya kumbukumbu ya marehemu kufanywa. Akiacha koti au fimbo, husemwa amemchukua mjane awe mkewe. Nilijua hayo tangu utotoni, ila sikuhesabu gari. Na wao walikuwa wakitafuta njia ya kusema ameolewa tena, wachukue shamba.

Walipoondoka, mama yule alisema bila kunitazama, "Ndugu, toa gari. Nina watoto watatu na hili shamba tu."

"Nitaenda kwa chifu nieleze."

"Ukienda ndiyo utanimaliza. Watasema mume amekuja kunitetea."

Nililitoa. Siku nne baadaye nilipita hapo kwa baiskeli. Nguzo za ua mpya zilikuwa zimechimbiwa katikati ya mahindi yake. Jirani aliniambia mashahidi wawili wameshasema kwa chifu kwamba gari langu lilikuwa likilala pale. Halikulala hata siku moja.

"Na wewe usionekane tena hapa," jirani akasema. "Wanakungojea uje, wapate ushahidi zaidi."

Kesho yake asubuhi nikaondoka kupitia Webuye. Sijarudi, na sijathubutu hata kumpigia simu fundi nimuulize habari za mama yule.